Nyama ya kidole, ukucha, ukucha wa bandia au piki: kipi kiguse uzi wako?

Mlio huamuliwa pale uzi unapouacha mkono, si pale mkono unapougusa uzi. Uzi ukiachiwa na kitu laini na kipana, ile milio ya juu iliyojificha ndani ya noti hufyonzwa, na noti hutoka nene na tulivu. Ukiachiwa na kitu kigumu na chembamba, milio hiyo hubaki yote, noti ikatoka kali na kufika mbali. Mengine yote, kuanzia msasa hadi gundi, ni namna ya kuisimamia milimita hiyo moja ya mwisho.

Vya kuugusa uzi ni vinne: nyama ya kidole tupu, ukucha wako mwenyewe, ukucha wa bandia, na piki, kile kibao kidogo cha kudonolea (kwa mpiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, ni risha). Kujiuliza kipi kina mlio mzuri hakusaidii, maana vyote vinne vina mafundi wake. Jiulize mambo mawili: chombo chako kina nyuzi za aina gani, na mikono yako inashinda ikifanya nini wakati gitaa limetundikwa ukutani?

| Kinachogusa uzi | Nyuzi zinazokifaa | Matunzo | Kinachokwamisha |
|---|---|---|---|
| Nyama | Nailoni, nyuzi laini | Karibu hakuna | Sauti ndogo, malengelenge kwenye chuma |
| Ukucha wa asili | Nailoni | Dakika 3 hadi 5 kila siku | Kuvunjika, kulika |
| Ukucha wa bandia | Chuma | Kujazia kila wiki 2 au 3 | Kuchoka kwa ukucha wa chini, unyevu |
| Piki, risha | Chuma, udi, gitaa la umeme | Kusugua ukingo | Hupati nyuzi mbili zilizoachana kwa wakati mmoja |

Uzi kwanza

Nyuzi sita za nailoni zikikazwa kwenye sauti ya kawaida huvuta gitaa kwa jumla ya karibu kilo 40. Seti ya chuma ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.012 huvuta zaidi ya kilo 70. Tofauti hiyo yote huishia kwenye vidole vyako. Tena nailoni tatu za juu ni laini kama mshipi wa kuvulia samaki, wakati nyuzi nene za chuma zimezungushiwa waya wa shaba nyeusi ambao kazi yake, ukiutazama kwa jicho la ukucha, ni tupa. Mpigaji wa chuma anayepiga saa moja kila siku kwa kucha za asili ataona ukingo umekatwa vijino kabla ya wiki kwisha.

Ubishi huu wa nyama na kucha ni wa zamani. Kabla ya nailoni kuingia miaka ya 1940, nyuzi za juu za gitaa zilitengenezwa kwa utumbo wa mnyama. Huko Paris karne ya 19, mpiga gitaa Mhispania Fernando Sor alipiga kwa nyama na rafiki yake Dionisio Aguado, Mhispania pia, alipiga kwa kucha, na walipiga pamoja. Aguado, baada ya kumsikia mwenzake, aliacha kutumia ukucha wa kidole gumba, vidole vingine akaviacha na kucha zao. Baada yao, Mhispania mwingine, Francisco Tárrega, alizikata kucha zake katika miaka yake ya mwisho. Andrés Segovia, fundi wa gitaa wa karne ya 20, akasimama na ukucha ukisaidiana na nyama, akajaza kumbi kubwa bila kipaza sauti. Kwa hiyo ukitafuta bingwa wa kukuunga mkono utampata, na mwenzako naye atampata wake.

Nyama tupu

Hii ndiyo njia ya nyatiti ya Waluo, yenye nyuzi nane ambazo siku hizi mara nyingi ni za nailoni, na ndiyo njia ya watu wengi waliojifunza gitaa bila mwalimu. Ukucha hukatwa hadi usichomoze kabisa ukiitazama ncha ya kidole kutoka upande wa kiganja. Ukibakiza hata nusu milimita, uzi utateleza kwenye nyama kisha ugonge ukucha, na kila noti itakuwa na milio miwili.

Uweke uzi kwenye nyama, milimita 2 hadi 3 kutoka nchani. Usiuvute kwenda nje. Usukume kidogo kuelekea tumbo la gitaa, kisha uuache kidole kikielekea kiganjani. Uzi uliosukumwa ndani hutikisa ubao wa juu wa gitaa na kutoa sauti nene. Uliovutwa nje hurudi na kuzigonga freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa. Wapigaji wengi wa nyama wanaolalamika kwamba sauti yao ni ndogo hawana tatizo la nyama. Wanakwangua uzi juu juu tu.

Sauti ikiwa nene kupita kiasi, kama iliyofunikwa blanketi, usikimbilie kufuga kucha. Sogeza mkono sentimita 2 au 3 kuelekea daraja, pale nyuzi zinapofungwa. Kadiri unavyokaribia daraja ndivyo milio ya juu inavyoongezeka. Ukienda freti ya 12, katikati kabisa ya uzi, nusu ya milio hiyo hupotea. Mpiga nyama anaweza kufanya kazi karibu na daraja ambako mpiga kucha angetoa mlio wa bati.

Kasoro ya pili ni mkwaruzo. Ncha za mkono wa kulia huota sugu, na sugu kavu husugua nyuzi nene kama brashi. Ichonge kwa msasa wa namba 600 au zaidi, mara moja kwa wiki, ngozi ikiwa kavu. Lengo ni kuilainisha, siyo kuimaliza. Kwenye joto la pwani tatizo hugeuka: jasho hulainisha ngozi, kidole kikanata, na mwendo wa haraka ukajaa matope. Futa mikono na nyuzi kwa kitambaa kikavu kati ya wimbo na wimbo. Usitie poda, kwani hujaa kwenye mizunguko ya nyuzi nene na kuziua sauti.

Kwa chuma, nyama ina kikomo chake. Anza kwa dakika 15 hadi 20 kwa kikao, tumia seti ya 0.010 au 0.011, na ukihisi moto nchani, acha. Lengelenge likishatoka usilitoboe. Funika, pumzika mpaka maji yajikaushe yenyewe.

Ukucha wako mwenyewe

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapokosea zaidi. Kosa kubwa ni kudhani kwamba ukucha ndio unaodonoa. Mpigaji mzuri wa kucha hupokea uzi kwa nyama iliyo upande wa kushoto wa ncha (kwa anayedonoa kwa mkono wa kulia, akitazama mgongo wa mkono wake), kisha uzi huteleza kwenye ukingo wa ukucha na kuachia. Nyama ndiyo inayouzuia uzi usipige kelele, na ukucha ndio unaoipa noti ukali wake. Ukucha ukiufikia uzi kwanza, utasikia «tik» kabla ya kila noti.

Urefu unaotosha ni milimita 1 hadi 2 kupita nyama kwa kidole cha shahada, cha kati na cha pete. Kidole gumba kinaweza kuzidi kidogo. Ukucha wa kidole kidogo ukate, hauna kazi. Ukucha wa mkono hukua karibu milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo ukianza na kucha zilizokatwa kabisa, utakuwa na za kupigia ndani ya wiki tatu au nne. Ukivunja mmoja hadi kwenye nyama, hesabu muda huohuo upya. Mtindo wa gumba na shahada, ule wa gitaa kavu (lisilo la umeme) ambao Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, aliuonyesha kwenye rekodi alizofanyiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952, una faida ambayo haisemwi sana: kucha za kutunza ni mbili tu.

Umbo hufuata ukucha wenyewe. Ukucha bapa au wenye upinde mdogo fuata mviringo wa ncha ya kidole, kisha punguza kidogo upande uzi unapoingilia, ili uwe mteremko unaopanda kuelekea upande wa pili. Ukucha uliopinda kuelekea chini, kama mdomo wa kasuku, hunasa uzi. Uuweke mfupi, milimita 1 tu, na mteremko ulionyooka badala ya mviringo. Ukucha unaopinda kwenda juu ndio mgumu kuliko wote, kwa sababu uzi hauna njia ya kutokea. Mwenye kucha za namna hiyo akichagua nyama hajashindwa, amefanya hesabu.

Kazi ya kuchonga huenda hivi:

1. Kucha ziwe kavu. Usichonge baada ya kuoga au kuosha vyombo. Ukucha uliolowa umevimba na hupasuka tabaka.
2. Tumia tupa ya kioo, siyo ile ya bati ya kuuzwa barabarani. Ipitishe chini ya ukucha kwa pembe ileile ambayo uzi unapita, kwa mwelekeo mmoja. Mikono ya kwenda na kurudi hupasua ukingo.
3. Lainisha kwa msasa wa maji, ule wa mafundi wa rangi za magari: namba 600, kisha 1000, kisha 2000. Lainisha ukingo na upande wa chini yake, kwani hapo ndipo uzi unapopita.
4. Zungushia kipande cha namba 1000 kwenye uzi wa kwanza, kisha donoa taratibu mara kumi. Pale panaponasa pana kijino. Msasa wenyewe utakionyesha na kukiondoa.
5. Maliza kwa kusugua ukucha kwenye ngozi ya mkanda au kitambaa cha jinzi.

Watu wengi huishia hatua ya pili na kushangaa mlio wao una mchanga. Msasa wa namba 2000 ni wa bei ndogo, na tofauti yake inasikika kuliko kubadilisha seti ya nyuzi.

Ukisikia mkwaruzo kwenye nyuzi nene pekee, kosa haliko kwenye kucha. Kidole kinaukata uzi kwa mshazari, ukingo ukitembea juu ya mizunguko ya waya. Kwenye nyuzi za nailoni mshazari huo ni mzuri, huongeza unene. Kwenye nyuzi nene nyoosha mkono kidogo ili kidole kivuke uzi moja kwa moja. Mlio mwembamba unaochoma masikio nao huwa na sababu moja kati ya mbili: ukucha mrefu mno hata nyama haifiki, au ncha iliyochongoka.

Sasa ile kazi ya mikono nje ya muziki. Adui wa ukucha ni kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Anayefua kwa mkono na kuosha vyombo kila siku bila glavu za mpira atapasua kucha hata akipaka nini. Sabuni ya unga na dawa za kung'arisha nguo humaliza mafuta ya ukucha, na asetoni ni mbaya zaidi. Mafuta kidogo usiku kwenye mzizi wa ukucha husaidia usikakamae. Ya nazi yanatosha. Usipake kabla ya kupiga. Fundi ujenzi, fundi magari na mkulima wa jembe wasijidanganye: ukucha wa milimita 2 hauvuki wiki ya kazi.

Ukucha ukipasuka siku ya onyesho, unaweza kuuziba. Osha mafuta kwa sabuni, kausha nusu saa nzima. Kata kipande cha karatasi ya mfuko wa majani ya chai, kizidi ufa kwa milimita 2 kila upande. Weka tone dogo la supa gluu, laza karatasi, ikandamize kwa kipande cha mfuko wa plastiki ili kidole kingine kisigande. Rudia safu ya pili, subiri dakika kumi, kisha sugua kwa namba 600 na 1000 mpaka kiraka kisihisike kwa ulimi. Kitakaa siku chache. Usitumie pamba badala ya karatasi: supa gluu ikikutana na pamba huchemka ghafla na inaweza kuunguza. Na kama ufa umefika kwenye nyama hai, gundi haina nafasi hapo.

Ukucha wa bandia

Hii ni njia ya wapigaji wa chuma wanaotaka mlio wa ukucha lakini kucha zao hazistahimili. Saluni zinatoa aina mbili kuu. Akriliki ni unga na maji yake, hukauka kwa hewa na kuwa ngumu sana. Jeli hukaushwa kwa taa, ina unyumbufu kidogo, na mlio wake unakaribia zaidi ukucha halisi. Kwa nyuzi za chuma akriliki hudumu zaidi. Kwa nailoni chukua jeli; akriliki nene kwenye nailoni hutoa mlio wa kijiko.

Mweleze msusi wa kucha mambo matatu, kwa sababu amezoea kuremba: safu iwe nyembamba, urefu uishie milimita 2, na asipake rangi ukingoni. Umbo utajichongea mwenyewe nyumbani. Uliza pia maji anayotumia. Yenye harufu kali mno na yanayofanya ukucha uwe mgumu kiasi cha kutochongeka kwa tupa huenda ni methili methakrileti, kemikali inayodhuru ukucha na ngozi; ondoka. Kila wiki 2 hadi 3 ukucha wa asili unapokua, pengo hutokea mzizini na lazima lijazwe. Ukiliacha, maji huingia chini na bakteria huota. Doa la kijani ndilo dalili, na hapo ukucha wote wa bandia utoke. Akriliki, na jeli ya aina inayoyeyuka, hutolewa kwa kuloweka kwenye asetoni; jeli ngumu husuguliwa kwa tupa. Kuubandua kwa nguvu huondoka na tabaka la ukucha wako, na miezi mitatu ijayo utakuwa na karatasi badala ya ukucha.

Wapo wanaokata kipande cha mpira wa tenisi ya meza na kukibandika kwa supa gluu chini ya ukucha uliobaki. Ni njia ya zamani, rahisi, na mlio wake si mbaya. Inahitaji ukucha wa asili wa angalau milimita 1 wa kushikia, na hung'oka ukikutana na maji ya moto.

Kwa mpigaji Mwislamu kuna jambo la kuliwekea hesabu mapema: akriliki, jeli na gundi huzuia maji ya udhu yasifike kwenye ukucha. Ndiyo sababu moja ya mpigaji anayeswali kubaki na ukucha wa asili, nyama, au piki.

Piki na risha

Piki hukupa sauti kubwa na sawa kwa kila noti, bila kucha na bila kusubiri. Kinachopotea ni besi na melodia kwa wakati mmoja. Hapo hakuna ujanja isipokuwa kushika piki kwa gumba na shahada na kudonoa kwa vidole vilivyobaki.

Unene ndio mlio. Piki ya milimita 0.5 hupinda, inafaa kucharaza kwa pamoja, na hutoa kelele ya plastiki ukiitumia noti moja moja. Milimita 0.7 hadi 0.9 ni ya kazi zote. Ya 1.0 na kuendelea haipindi, inatii mkono, na ndiyo ya kuanzia kwa anayefuata gitaa la solo la benga au rumba. Iachie milimita 3 hadi 5 nje ya vidole. Ikichomoza zaidi hujizungusha mkononi. Iinamishe kidogo ili ukingo uingie kwa mshazari. Ikiingia bapa, uzi hupiga kofi. Ukingo ukishapata vijino, usiitupe: msasa uleule wa 600 na 2000.

Risha ya udi ni kitu kingine. Jina lake ni unyoya, kwa kuwa ya asili ilikuwa bua la unyoya wa ndege mkubwa. Siku hizi ni pembe au plastiki, ndefu kama kidole au zaidi, nyembamba na yenye kunyumbulika. Haishikwi kwa ncha za vidole kama piki. Hulala ndani ya kiganja, kifundo cha mkono kimepinda, na nguvu hutoka kwenye uzito wa mkono unaoshuka. Pigo la chini hutua kwenye jozi ya nyuzi inayofuata. Ndilo linaloupa udi wa taarab ule mlio wa kifuani. Risha ngumu kama piki ya gitaa huufanya udi ubweke. Wapigaji hujikatia risha kutoka kwenye mikanda mipana ya plastiki ya kufungia nyaya, na zinafanya kazi vizuri kabisa zikishasuguliwa kingo.

Kanuni, ile ala ya taarab yenye nyuzi nyingi inayolazwa bapa, iko katikati: pete za chuma kwenye vidole vya shahada, na kibao chembamba cha pembe au plastiki kimechomekwa kati ya pete na kidole. Pete ikibana, kidole hufa ganzi. Ikilegea, kibao hugeuka katikati ya tremolo, yale mapigo ya harakaharaka ya noti moja. Iwe ya kutoka kwa kuvuta, isiwe ya kuanguka kwa kutikisa.

Mkono wa kushoto

Huu hauna uchaguzi. Kucha fupi kabisa, na sugu zitakuja zenyewe ndani ya wiki mbili hadi nne kwa anayepiga kila siku. Usipige mara tu baada ya kuoga. Subiri nusu saa ngozi ikauke, la sivyo sugu hubanduka vipande. Usiibandue inayoning'inia, ikate kwa mkasi na ulainishe. Maumivu yanayobaki baada ya mwezi mara nyingi hutokana na nyuzi zilizo juu mno ya freti, na fundi anaweza kuzishusha.

Kujaribu kabla ya kuamua

Usifuge kucha kumi. Fuga mmoja, wa kidole cha shahada, kwa wiki nne, vingine vyote vikiwa nyama. Chagua noti nane kwenye uzi wa pili, zipige kwa shahada kisha kwa kidole cha kati, mkono ukiwa mahali pamoja juu ya tundu la sauti. Rekodi kwa simu iliyowekwa mita 2 mbele yako, siyo mapajani, kwa sababu ukali unaoudhi sikio la mpigaji mara nyingi ndio unaomfikia msikilizaji kama uwazi. Kisha zipige noti hizohizo kwa piki ya 0.9. Sikiliza kesho yake, siyo palepale.

Kama katika wiki hizo nne ukucha huo mmoja umevunjika mara mbili, jibu limeshatoka kwenye kazi zako za kila siku, hata kama rekodi inasema vingine.